Fundi Anayesikiliza Kwanza

Gari aina ya Subaru Forester la mwaka 2003, lenye turbo, lilipofikishwa kwenye gereji moja ya uchochoroni nyuma ya barabara ya Shekilango, Ubungo, mwenye gari alikuwa amekwisha kununua koili nne, plagi nne na pampu ya mafuta. Bado lilikuwa linamisi. Asubuhi lilitikisika kwenye silensa, mguu ukiwa haujagusa mafuta, mpaka vioo vya pembeni vikatetemeka, na likianza kupandisha Kimara, turbo inapoingia tu, lilishtuka mara tatu nne na kutema moshi mweusi. Gereji mbili zilizotangulia zilikuwa zimebadilisha vifaa. Hii ya tatu ilikaa karibu nusu saa bila kufungua hata nati moja.

"Washa, bosi. Usikanyage mafuta," fundi alisema. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, ovaroli yake imekwisha kupoteza rangi. Akainamisha kichwa kando ya boneti. Vijana wake wawili wanajua kwamba saa hiyo hakuna kugonga chuma wala kuongea na simu.

Kuisikiliza Subaru ya turbo kunataka mazoea. Injini yake imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, muundo ambao kampuni hiyo imeushikilia tangu gari lake la Subaru 1000 la mwaka 1966. Katika magari mengi ya turbo ya zama hizo, mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye silinda hayalingani urefu, ndiyo maana gari hunguruma kwa mdundo wa kuchechemea hata likiwa halina ugonjwa wowote. Vijana wa mjini wanaupenda mlio huo. Kwa fundi, mlio huo huo unaweza kuficha silinda iliyolala. Inabidi awe ameyasikia magari mengi mazima ndipo sikio lake litenganishe kuchechemea kwa asili na kuchechemea kwa maradhi, na sikio la namna hiyo halipatikani kwa wiki mbili.

Kisha ikaja hatua ambayo wengi siku hizi wanairuka. Injini ikiwa inawaka, alichomoa soketi ya koili ya kwanza, akasikiliza, akairudisha. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Silinda inayofanya kazi ukiinyima moto, injini huporomoka sauti papo hapo. Iliyokufa ukiinyima, hakuna kinachobadilika. Zote nne ziliitika. Maana yake koili mpya zilikuwa nzima, na zile za zamani zilizotupwa huenda nazo zilikuwa nzima. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye nozeli, mpini sikioni. Nozeli nzima hugonga mfululizo, kwa mapigo membamba yanayolingana. Zote ziligonga.

Hapo ndipo alipomwambia kijana mmoja, "Dogo, toa betri." Plagi za injini iliyolala hazifikiki kirahisi, upande mmoja lazima betri itoke, upande wa pili boksi la eya klina. Zilipotolewa zilipangwa juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zao, na mzee akaziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameiangalia injini yenyewe. Zote nne zilikuwa na masizi makavu, meusi, yanayolingana. Masizi kwenye plagi moja yangempeleka kwenye silinda moja. Masizi kwenye zote nne yalimpeleka kwenye kile ambacho silinda zote zinakula pamoja: hewa, mafuta, au kipimo cha kimojawapo.

Plagi ziliporudishwa, akachukua mkebe wa kabureta klina, akawa anapulizia kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira, huku akitega sikio. Alipopulizia chini ya manifoldi, silensa ikapanda ghafla kisha ikatulia. Alipapasa kwa vidole mahali ambapo macho hayafiki, akasema neno moja: "Huu."

Ulikuwa mpira wa unene wa kidole gumba, ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini. Miaka ishirini ya joto ilikuwa imeukausha, ukapasuka upande wa chini. Ukisimama hapo unaona kwa nini gari lile lilizipiga chenga gereji mbili. Gari likiwa kwenye silensa, manifoldi inavuta. Hewa ambayo sensa haikuihesabu inaingia kwa ule ufa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka. Mguu ukikanyaga na turbo ikaanza kusukuma, mambo yanageuka. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje kwa ufa huo huo, lakini kompyuta imemwaga petroli ya kuitosha, petroli inazidi, moshi unakuwa mweusi, injini inakabwa. Tundu ni moja na linadanganya kwa namna mbili zinazopingana. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu za injini ilikuwa imesema kweli kwamba injini inamisi. Sababu haikuisema, kwa kuwa haikuijua.

Gharama ilikuwa kipande cha mpira na klipu mbili.

Ustadi huu ulikomaa katika miaka ya ukame. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, spea zikawa adimu, na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri ili kubana mafuta. Peugeot na Land Rover za wakati huo ziliendelea kutembea kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukata gasketi kwa nyundo juu ya karatasi ngumu, na kusugua platini kwa msasa mpaka cheche irudi. Katika hali hiyo hakuna aliyebadilisha kifaa kwa kubahatisha, maana cha kubadilishia hakikuwepo. Fundi alilazimika kujua kwanza. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi na zama za ruksa, na baada yake mitumba ya Japani ikajaza barabara. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, aliwaandika mafundi wa Tanzania kama watu wenye maarifa yao wenyewe ya teknolojia, heshima ambayo nyumbani wameipata kwa uchache mno. Nyumbani bado tunaziita gereji zao gereji bubu.

Hata matatizo ya karibuni yaliwafundisha. Wakati wa uchakachuaji, kabla na baada ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, magari mengi yalimisi kwa sababu petroli ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Turbo haina uvumilivu na mafuta ya namna hiyo: ikisukuma hewa, injini inagonga. Mafundi wazee walidondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kuliacha likauke. Petroli safi huondoka yote. Yenye mafuta ya taa huacha doa la unyevu, na ukilisugua kwa kidole linateleza. Kipimo hicho hakihitaji umeme, na wapo vijana wengi wa gereji leo ambao hawajawahi kuoneshwa.

Wakati huo huo mji nao umewabana. Mwaka 2017 alama za X nyekundu zilipakwa kwenye majengo kando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, na vibanda vikaondoka pamoja na nyumba. Februari 2021 likafunguliwa daraja la juu la Kijazi pale njia panda ya Ubungo, na karibu na wakati huo mabasi ya mikoani yakahamia Mbezi Louis, yakiondoka na sehemu ya riziki ya mafundi waliokizunguka kituo cha zamani. Barabara imekuwa nzuri, na hakuna anayetamani foleni ya zamani irudi. Lakini mwembe wa gereji uliokatwa pamoja na vibanda hivyo ulikuwa darasa. Chini yake dogo alianza kwa kuosha vifaa kwa dizeli, akapanda hadi kushika taa, kisha kushika spana, na ilipita miaka kabla ya kuachiwa injini peke yake. Siku hizi kijana anajifunza kufungua na kufunga, anaagiza Kariakoo kile alichotajiwa na mashine, na baada ya mwaka mmoja ana kibanda chake. Anafunga vizuri, mara nyingi kwa haraka kuliko mzee. Tatizo ni kwamba hajui kwa nini anafunga.

Lawama zisiwe zake peke yake. Mwenye gari hulipa koili bila kunung'unika kwa sababu anaiona ikitoka kwenye boksi, ina rangi na ina lebo. Nusu saa ya mzee aliyeinamisha kichwa anaiona kama kukaa bure. Siku hiyo Ubungo, mwenye Forester alipoambiwa bei, alishangaa kwamba kazi imezidi kifaa kwa mbali, akataka kupunguziwa. Alikuwa amesahau kwamba vifaa vilivyomkausha mfuko vilikuwa vimefungwa kwenye injini, vipya, bila kumsaidia.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwarasimisha mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti, na hilo ni jema. Hatua inayokosekana ni kuwarudisha darasani wakiwa walimu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, ndani ya wilaya hii hii ya Ubungo, umbali mfupi kutoka kwa mzee mwenye bisibisi sikioni. Mlipeni kwa saa, mumpe gari linalomisi na wanafunzi kumi walionyamaza, kabla hajazeeka asiweze tena kusikia. Na wewe mwenye gari la turbo lililokula umri, likianza kushtuka mlimani, kabla ya kutoa hela ya spea mwulize fundi wako amepima nini. Akijibu kwa kipimo, mlipe muda wake bila kumkata. Akijibu kwa orodha ya vifaa, funga boneti uondoke.