Juisi Isiyotiwa Maji

Tango ni maji. Asilimia 95 hivi ya uzito wake ni maji, na kwa sababu hiyo watu wengi huona hakuna kazi nyepesi kuliko kutengeneza juisi yake. Katakata, tia kwenye blenda, ongeza maji ya kutosha ili kisu kizunguke, saga, chuja, mwaga sukari, tia barafu. Ndivyo inavyofanywa majumbani na mikahawani, na kinachotoka ni kinywaji cha kijani chenye povu, kitamu kwa sukari yake na baridi kwa barafu yake. Ladha ya tango lenyewe huitafuti ukaipata.

Mama yangu mdogo anayeishi Tanga hatii maji, hata kijiko kimoja. Nimemtazama akiifanya kazi hii misimu mingi ya kaskazi, wakati hewa ya mji ule inapokuwa nzito na jasho halikauki mgongoni, na bado nikimtazama huona jambo ambalo lilikuwa limenipita. Kazi yake haina siri na haina kifaa kisichopatikana katika nyumba ya kawaida. Ina subira tu, na ina mkono unaojua pa kuishia.

Huanzia sokoni. Matango yanayouzwa Tanga mengine hulimwa tambarare, mengine hushuka na malori kutoka Lushoto pamoja na karoti na kabichi. Wateja wengi hukimbilia makubwa, kwa kuwa fungu la makubwa huonekana lina faida. Yeye huyapita. Tango likinenepa na kuanza kupiga umanjano limekwisha komaa: mbegu zimekuwa ngumu, nyama ya katikati imekuwa ya kamasi na ina uchachu fulani. Anayoyataka ni membamba, ya kijani kilichokoza, magumu tangu kikonyo hadi kitako. Hubonyeza ncha mbili kwa vidole, kisha hulipima tango kiganjani. Lililokaa siku nyingi limekwisha kupoteza maji, kwa hiyo huwa jepesi kuliko umbo lake linavyoahidi.

"Mwanangu, haya ya lini?"

"Ya jana jioni, mama."

Humwamini kijana wa watu, lakini huendelea kubonyeza.

Jambo la pili analoliogopa ni uchungu. Mmea wa tango hutengeneza kemikali chungu iitwayo kukabitasini, ambayo ni silaha yake dhidi ya wadudu na wanyama wanaoula. Katika matunda tunayokula kemikali hiyo huwa kidogo sana, lakini mmea ukikosa maji au ukipigwa na jua kali huongezeka, na hujikusanya zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Wengi wetu tulifundishwa kukata ncha ya tango na kuisugua pale ilipokatwa mpaka litoke povu jeupe, ati uchungu unatoka. Mama mdogo huikata ncha hiyo, kisha hukata kipande chembamba kinachofuata na kukionja. Kikiwa kichungu hukata kingine, na kingine, mpaka ulimi useme basi. Likiwa chungu hadi katikati huliweka kando. Tango moja la namna hiyo huharibu jagi zima, na hakuna sukari iliyowahi kuuondoa uchungu wake.

Ganda hulimenya kwa mistari, mstari anauondoa, mstari anauacha. Rangi ya kijani imo ndani ya ganda. Ukilimenya lote unapata maji meupe yasiyovutia macho, ukiliacha lote unapata ladha ya majani. Hulipasua tango kwa urefu, huzikwangua mbegu kwa kijiko kama zimeanza kukomaa, na hukata vipande vyembamba sana.

Halafu anatia chumvi, na hapa ndipo ninapoona akili yote ya kazi hii. Kwa kilo moja ya matango huchukua chumvi isiyozidi robo ya kijiko cha chai, huinyunyiza kutoka juu ili isambae, hugeuzageuza vipande kwa mkono, hufunika bakuli kwa kawa na kuondoka. Huenda akafagia ua, akaanua nguo, akazungumza na jirani. Robo saa hivi inapita. Anaporudi na kuliinamisha bakuli, maji yamejaa upande mmoja, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, meupe, yanayonukia. Hakuna aliyeyatia. Chumvi iliyoyeyuka juu ya vipande imeyavuta maji kutoka ndani ya chembehai za tango, kwa kuwa maji hupenya kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi.

Kila mwenye blenda anajua kwamba kisu hakishiki vitu vikavu. Kinazunguka ndani ya uwazi wa hewa, vipande vinang'ang'ania kutani, mota inanguruma bure, na ndipo mtu anaponyanyua birika la maji. Mama mdogo humimina kwanza maji yale ya tango chini, juu yake hutia vipande kiasi cha konzi mbili, na kisu kinashika. Vikishakuwa uji, uji wenyewe unakuwa maji ya kusagia vipande vinavyofuata. Hivyo ndivyo kilo nzima inavyosagika bila tone la bomba. Chumvi ile ndogo inabaki ndani ya juisi, nayo ina kazi nyingine: huupunguza uchungu ulimini, hata ule uliobaki kwa bahati mbaya, na hufanya utamu hafifu wa tango usikike. Anayekunywa hajui kuwa kuna chumvi. Anajua tu kuwa tango lile ni tamu.

Husaga kwa kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia. Haiachi mashine ikimbie. Blenda ilibuniwa kwa kazi nyingine: Stephen Poplawski, Mmarekani aliyezaliwa Poland, aliomba hataza mwaka 1922 kwa chombo chenye kisu kinachozunguka chini, na alichokuwa akikifikiria ni vinywaji vya maziwa vinavyohitaji kupigwa hadi vitoe povu. Maziwa yanapenda hewa. Tango halipendi. Hewa inayosukumwa ndani huipausha rangi, huleta povu linaloganda juu ya bilauri, na kisu kinachokwenda mbio muda mrefu hutia joto kwenye kitu ambacho ubora wake wote ni ubaridi.

Kuna sababu nyingine ya kutokawia, na hiyo ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote. Ile harufu tunayoiita ya tango, ile inayojaa jikoni mara kisu kinapopita, haimo ndani ya tango zima. Huzaliwa wakati wa kukatwa. Chembehai zikipasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na mafuta ya mmea na hewa, na katika sekunde chache hutengeneza manukato yale. Nusa tango zima, huna unachokipata. Likate, chumba kizima kinajua. Lakini manukato hayo ni mepesi na hayakai, ndiyo maana juisi iliyolala kwenye friji hunywewa kwa kumbukumbu tu ya jinsi ilivyokuwa.

Tangawizi haingii kwenye blenda. Nyuzi zake hukatika vipande vifupi ambavyo hupenya chujio na kukwama kooni. Huikwangua ganda kwa ukingo wa kijiko, huikwaruza kwenye kibati chenye matundu, na huikamua mkononi ndani ya kikombe. Kisha anasubiri tena. Ukikitazama kikombe hicho baada ya dakika chache utaona vumbi jeupe limetulia chini: ni wanga wa tangawizi. Humimina maji ya juu polepole na kuuacha wanga. Ukiingia kwenye juisi huleta uzito wa unga, na kinywaji chepesi kinakuwa kizito bila mtu kujua kwa nini. Kiasi chake ni kijiko kimoja cha chai, au viwili kama tangawizi ni changa. Anachotaka ni ukali unaofika baada ya kumeza, ukiwa nyuma ya tango, wala usitangulie.

Kuchuja ndiko kunakowashinda walio wengi, nami nasema hivyo kwa kuwa nimekunywa juisi katika nyumba nyingi. Yeye hutumia kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato, akakilowesha na kukikamua kwanza ili kisinywe juisi. Hukitandaza juu ya bakuli, humimina uji, hukusanya pembe nne na kukiinua. Maji huanza kushuka yenyewe. Mkono wake unakizunguka kile kifurushi na kukibonya taratibu, mara moja, mara mbili. Pale ambapo mimi ningekaza na kusokota ili nipate nusu kikombe cha mwisho, yeye huachia. Ukisokota, nguvu hiyo husukuma chembe ndogo za ganda na nyuzi kupita kwenye kitambaa, na juisi iliyokuwa ang'avu huwa na tope. Kilo moja ya matango humpa bilauri tatu. Angeweza kupata ya nne. Hataki.

Umeme ukikatika kazi haisimami, na siku hizo napenda kuwapo zaidi. Kibati kile cha tangawizi ndicho kinachofanya kazi ya blenda. Tango hukwaruzwa lote, likanyunyiziwa chumvi, likaachwa, likakamuliwa katika kitambaa kama mtu anavyokamua nazi iliyokunwa apate tui. Inachosha mkono, lakini juisi hiyo haina povu hata kidogo, na rangi yake ni ya kijani kibichi chenye mwanga. Nimeshawahi kumwambia kuwa naipenda kuliko ya blenda. Alinitazama, akaniambia, "Mwanangu, basi kwaruza wewe." Nilikwaruza.

Ndimu huja mwisho kabisa, na mpangilio huo una maana. Asidi ya ndimu huzuia juisi isigeuke hudhurungi, lakini asidi hiyo hiyo, ikikaa muda mrefu na kijani cha majani au ganda, hukifubaza kikawa rangi ya zeituni. Kwa hiyo haitii mpaka watu wameketi. Huiviringisha ndimu mezani chini ya kiganja ili vifuko vya maji vilegee ndani, huikata, na huikamua juu ya kichujio kidogo cha chai ili mbegu zibaki. Hata hapa haikamui hadi ganda ligeuke nje, kwa kuwa mafuta ya ganda na ule weupe wa ndani vina uchungu wao. Kwa bilauri tatu ndimu moja yatosha, ikiwa na maji.

Nanaa nayo haisagwi. Huchukua matawi mawili, huyapiga kwa viganja viwili mara moja, pa!, na kuyatumbukiza jagini. Kipigo hicho kinapasua vijifuko vya mafuta juu ya majani, nayo yatosha. Nanaa iliyosagwa ina ladha ya nyasi.

Sukari hatii. Mgeni akiomba huletewa kibakuli pembeni, kwa adabu zote, na hakuna anayelaumiwa. Barafu yake hutokana na maji yaliyochemshwa yakapoa, na jambo hilo halina mjadala nyumbani kwake. Matango yenyewe huoshwa kwa maji safi kabla ya kisu kuyagusa, kwa sababu hakuna moto utakaopita juu ya kinywaji hiki kuyasahihisha makosa ya mikono.

Siku hizi juisi hii inasifiwa kwa mambo mengi: inaondoa sumu mwilini, inayeyusha kitambi, inasafisha damu. Inanisikitisha, kwa kuwa mtu anayeinywa kama dawa huimeza upesi na kungoja matokeo. Ini na figo zinaifanya kazi ya kusafisha damu usiku na mchana. Juisi ya tango inakata kiu na inampa mtu aliyetoka juani raha ya kweli, na kinywaji chenye sifa hizo mbili hakihitaji kuongezewa ya tatu.

Huandaliwa sebuleni, madirisha yakiwa wazi, katika bilauri ndogo, na hunywewa pale pale. Ikiachwa hutengana: maji meupe juu, kijani chini. Si kwamba imeharibika. Ni chembe nzito zinatulia tu, na ukiitikisa inarudi. Lakini saa moja ikipita ile harufu imekwenda, naye hatawahi kumpa mgeni iliyokwisha nyamaza.

Makapi yaliyobaki katika kitambaa hayatupwi. Kwa kuwa hakuyasokota, bado yana unyevu na ladha. Huyachanganya na mtindi mzito, pilipili mbichi iliyokatwa vidogo na majani machache ya nanaa, na huwekwa mezani mchana pamoja na wali na samaki wa kukaanga. Wanaokula hapo huuliza kachumbari hiyo imetengenezwaje, kwa nini tango lake ni laini namna ile, na huwaeleza bila kuficha kitu, akianzia na lile fungu la sokoni.