Fani ya Mshale: Kondoo Ubaoni

Mchoro wa mishale, ule unaoonyesha jinsi homoni zinavyouongoza mwili, ni utanzu ambao wahakiki wetu hawajaugusa, ingawa kila aliyesomea mifugo, awe Goma au kule Butembo kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ameunakili daftarini. Una wahusika, una msuko, na una ukimya wake. Tuusome kama tusomavyo tamthilia.

Tuanze na wa kalsiamu. Kiwango cha damuni kikishuka, vitezi vidogo vya shingoni hutoa homoni ya paradundumio. Mshale mmoja huenda mfupani kuchota akiba. Wa pili huenda kwenye figo kuzuia upotevu. Wa tatu hupita figo hiyohiyo, ukaiamsha vitamini D, ukaishia utumboni. Yote hurudi damuni, vitezi vikanyamaza. Kalsitonini ni mhusika bapa: huingia mara moja kurudisha ziada mfupani, kisha hatumsikii tena. Hapa fani na maudhui vimelandana, kwani kalsiamu ya damu ya kondoo mwenye afya huchezea karibu na miligramu 10 kwa mililita 100, na duara linalosema "toka, rudi" linasema kweli.

Lakini tazama kisichochorwa. Magnesiamu haina homoni yake maalumu ya kuilinda, kwa hiyo haina mshale, na mara nyingi haina hata kisanduku. Ikipungua, vitezi vya shingoni huzembea na mifupa huisikia homoni kwa shida. Duara zima hulegezwa na mhusika asiyetajwa. Magnesiamu huingia mwilini hasa kupitia tumbo la kwanza, na potasiamu nyingi ya majani huizuia hapohapo. Lava ya Virunga inajulikana kwa wanajiolojia kwa wingi wa potasiamu, na huenda majani ya huko yakaibeba. Msomaji wa Goma, ambaye kondoo wake amefungwa kamba juu ya mawe ya mlipuko wa volkano wa 2002 akisubiri majani yaje kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ana haki ya kudai kisanduku hicho.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye mchoro wa mafuta, maana nao umevikwa duara lilelile. Mnyama akila, insulini hupanda na mafuta huwekwa; akifunga, insulini hushuka na mafuta hutolewa. Kwa dume linalokula na kulala, sawa. Kwa jike mwenye mapacha, hapana. Mimba ya kondoo huchukua kama siku 147, na takriban asilimia 70 ya uzito wa mtoto hujengwa katika wiki 6 za mwisho. Wiki hizo misuli na mafuta ya mama huwa sugu kwa insulini, laktojeni ya kondo la nyuma ikisaidia, ili glukosi imwendee mtoto. Hakuna kinachorudi kilipoanzia. Majani yakipungua, mafuta humiminika kwenye ini kwa wingi kuliko linavyoweza kuyachoma, ketoni zikajaa damuni, na mama huanza kujitenga, hukataa chakula, mwisho hulala asiinuke. Duara haliwezi kusimulia haya kwa sababu halina wakati ndani yake.

Mwaka 1980 Dale Bauman na Bruce Currie wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa hoja kwamba mimba na unyonyeshaji vina udhibiti wa namna nyingine, unaoelekeza virutubisho kwenye lengo la hatua ile ya maisha. Kihakiki, walibadilisha msuko. Vitabu vingi vilipokea hoja yao kwenye maelezo na kuuacha mchoro ulivyo.

Na kuna hasara ya kuweka mchoro wa kalsiamu na wa mafuta kwenye kurasa tofauti. Ng'ombe huanguka kwa upungufu wa kalsiamu hasa baada ya kuzaa. Kondoo mara nyingi huanguka kabla, wiki zilezile za ketoni, kwa sababu mifupa ya watoto inajengwa. Magonjwa hayo mawili hufanana kwa macho, na anayeacha kula kwa moja huvutwa kwenye la pili. Anayepata sindano ya kalsiamu kwa upungufu wake aghalabu husimama upesi. Wa ketoni hasimami kwa sindano hiyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa maduara mawili yasiyogusana atafika kwa mgonjwa akiwa na nusu ya hadithi.

Duara la kalsiamu libaki kwa mnyama asiye na mimba. Kwa jike, walimu wachore mstari mmoja wa siku 147: kalsiamu juu yake, mafuta chini yake, na magnesiamu ipewe kisanduku.