Hiki Chombo Kinarudije?

Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumamosi ninapotoka chuoni Dar es Salaam kurudi Bagamoyo, mimi na kaka yangu, mtoto wa mjomba, tunapigana vita vya angani barazani kwao. Meli zetu ni vifuniko vya soda. Anga ni shuka jeusi. Mchezo unaitwa Full Thrust. Uliandikwa na Mwingereza Jon Tuffley na kutolewa na Ground Zero Games mwanzoni mwa miaka ya 1990. Niliuchagua kwa sababu ya kimaskini: kanuni zake zinapatikana bure na haumlazimishi mtu kununua sanamu za meli. Karatasi, rula, penseli na dadu vinatosha.

Nianze na sifa zake, maana anazo. Kila zamu, kila mchezaji anaandika kwa siri amri za meli zake, kisha zote zinasogezwa kwa pamoja. Mwendo haupotei. Meli iliyokwenda vizio 12 zamu hii itakwenda 12 zamu ijayo, upende usipende. Yenye injini ya nguvu 4 inaweza kuongeza au kupunguza 4 tu, na kati ya hizo zisizozidi 2 ndizo za kugeukia. Kaka, aliyeanza kuvua na baba yake akiwa na miaka kumi na mbili, alilielewa hili kabla yangu. Chombo kizito hakisimami kwa sababu nahodha ameona mwamba.

Madhara nayo yameandikwa kwa uaminifu. Mwili wa meli huchorwa kwa visanduku katika safu nne, na kila pigo hufuta baadhi yake. Safu ya kwanza ikiisha, unarusha dadu kwa kila kifaa kilichomo, na 6 hukiua. Safu ya pili ni 5 au 6. Ya tatu ni 4 na kuendelea. Kwa hiyo meli hufa kidogokidogo: leo mzinga, kesho injini, huku bado inaelea.

Kasoro iko mwanzoni, kwenye kuchagua. Kila meli ina bei kwa pointi, na pande mbili hupewa pointi sawa. Bei inatokana na ukubwa wa mwili, injini, ngao na mizinga. Mzinga wa daraja la 1 hufika vizio 12, wa daraja la 3 hufika 36, na kwa karibu unarushiwa dadu tatu. Mara ya kwanza nilichukua meli moja kubwa yenye mizinga ya daraja la 3 na injini ya nguvu 2. Kaka aliinua kila kifuniko, akauliza swali lilelile: "Mdogo wangu, hiki chombo kinarudije?" Nikamwambia hakirudi, kinapigana. Akachagua vinne vidogo vyenye injini ya nguvu 6.

Nilimzamisha viwili. Vingine viwili vilipita nyuma yangu, vikanifutia safu moja, vikatoka nje ya shuka. Nikahesabu pointi, nikamwambia ameshindwa. Akasema, "Viwili vimefika nyumbani."

Nilicheka, halafu nikaacha. Mwaka jana kusi ilimkuta nje ya miamba na vijana watatu chomboni. Alikata nyavu, akarudi. Mwenye chombo akamwandikia deni la nyavu zile, na pale sokoni wapo waliomwita mwoga. Nami, nyumbani, nilipoombwa kuchangia deni, nilisema afadhali angesubiri kidogo. Nilikuwa nimehesabu nyavu tu.

Jumamosi iliyofuata nilileta vita vya kweli. Baada ya kimbunga cha 1872 kuharibu merikebu zake, Sultani Barghash wa Zanzibar aliagiza Uskoti meli iliyoitwa Glasgow, ikafika 1878. Ilikuwa meli ya fahari yenye mizinga saba midogo. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kutoka katika jumba la kifalme, ndiyo iliyokuwa bandarini mbele ya meli tano za Waingereza, mojawapo ikiwa St George, manowari kubwa ya chuma. Vita vilikwisha katika dakika arobaini hivi. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Glasgow ilizama, na milingoti yake ikabaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka.

Nilijaribu kuvipanga vita hivi kwa pointi, nikashindwa. Ili pande zilingane ningelazimika kumpa Khalid Glasgow nyingi, na hapo isingekuwa 1896 tena. Pointi sawa zinaonekana kama haki, kumbe zinafuta swali la nani aliweza kununua nini kabla ya mtu yeyote kukaa mezani. Katika pwani hii swali hilo ndilo lililoamua vita.

Tulicheza hivyohivyo bila usawa. Kaka alichukua Glasgow. Ilidumu zamu mbili. Alipoinua kifuniko aliuliza, "Na waliokuwemo?" Nikamweleza kwamba mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuomba amani, wakaokolewa majini na boti za adui. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hao ndio wa kuhesabu." Katika pointi za Full Thrust hao hawamo. Inajua kwa usahihi mkubwa jinsi chombo kinavyovunjika, lakini mwisho inahesabu mbao.

Sisi hatukuuacha mchezo. Tumeuongezea kanuni moja: kabla ya kugusa pointi, kila upande unaandika nani na nini lazima virudi, na ushindi unapimwa kwa hilo. Ghafla injini ina thamani kuliko mzinga, na nahodha anayekimbia mapema huwa amecheza vizuri. Mwenye kuandaa michezo hii chuoni kwake ajaribu, aone meli zipi zitachaguliwa.

Deni la nyavu bado halijaisha. Mwezi huu nimelichangia, na kaka hakuniuliza kwa nini.