Mshikamano wa Wafanyakazi wa Usafirishaji na Nyenzo za Mtandaoni: Tahakiki

Tangu vyama vya wafanyakazi vianze kutumia intaneti, pamezuka fikra miongoni mwa baadhi ya makada na wanafunzi kwamba tatizo la umoja wa wafanyakazi wa usafirishaji limekwisha kupatiwa ufumbuzi. Inasemwa kwamba dereva wa lori aliyekwama Sirari anaweza kuzisoma haki zake kwenye simu, kwamba anaweza kuungana na dereva wa Ulaya kwa kutia jina lake katika ombi la pamoja, na kwamba mwajiri akiletewa maelfu ya barua kwa siku moja hatakuwa na budi kusalimu amri. Katika makala haya tunakusudia kuipima fikra hiyo. Kipimo chetu ni kimoja: je, nyenzo hizi zinamjengea mfanyakazi wa usafirishaji wa Gorong'a, wilayani Tarime, nguvu ya kukaa meza moja na yule anayemtumikisha?

Tumeichagua Gorong'a kwa makusudi. Nyenzo hizi zikipimwa katika bandari ya Dar es Salaam, penye wafanyakazi wenye ajira, hati za mishahara na chama, zitaonekana nzuri kuliko zilivyo. Kijijini, usafiri wa mnyonge ni bodaboda. Ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati na mazao sokoni. Mwenye kuiendesha mara nyingi si mwenye pikipiki. Kila siku au kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki baada ya mafuta ndiyo riziki yake. Akivunjika mguu, hesabu inasimama, na riziki inasimama pamoja nayo. Nyenzo isiyomfaa mtu huyu haijawafaa wafanyakazi wa usafirishaji wa Tanzania.

Mshikamano kabla ya mtandao

Historia inatufundisha kwamba mshikamano haukuzaliwa na teknolojia. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli wakiwa mstari wa mbele, waligoma kwa siku kumi na mbili. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo wakasikilizana na kuamua. Septemba mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli ya kati hadi miji ya bara. Habari zilibebwa na watu wa reli wenyewe. Chombo kilichowaunganisha wafanyakazi kilikuwa kile kile walichokiendesha kwa mikono yao, na aliyepeleka habari alikuwa tayari kuacha kazi pamoja na aliyeipokea.

Hapa pana tofauti ya msingi. Mwaka 1947 kuipokea habari na kushiriki katika hatua vilikuwa karibu kitu kimoja. Leo mtu anaweza kupokea habari mia kwa siku bila kushiriki hata moja. Kwa hiyo wingi wa habari hauwezi kuwa kipimo cha mshikamano.

Yaliyotendeka katika enzi ya mtandao

Hatusemi kwamba nyenzo hizi hazina thamani. Septemba 1995 makuli wapatao 500 wa Liverpool, Uingereza, walifukuzwa kazi kwa kukataa kuuvuka mstari wa wenzao waliokuwa katika mgogoro. Walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza duniani kuitumia intaneti kutafuta msaada, na tarehe 20 Januari 1997 makuli wa bandari nyingi za mabara mbalimbali walichukua hatua za kuwaunga mkono. Mwaka 1998 Eric Lee alianzisha LabourStart, ambayo hukusanya habari za wafanyakazi na kuendesha kampeni za barua za kuwatetea waliofukuzwa au kufungwa. Hayo ni mafanikio.

Lakini mchambuzi hana budi kuufuata mgogoro huo hadi mwisho wake. Mwanzoni mwa 1998 makuli wa Liverpool walilazimika kuufunga bila ya kurudishiwa kazi zao. Sheria za Uingereza zilikuwa zimepiga marufuku migomo ya kuungana mkono, na chama chao nyumbani hakikuupa mgomo huo baraka rasmi. Waliungwa mkono na dunia, lakini nguvu ya chama chao haikuwa nyuma yao pale pale gatini.

Mfano wa pili unathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ITF, lililoanzishwa London mwaka 1896, limeendesha tangu 1948 kampeni dhidi ya meli zinazopeperusha bendera za kuazima ili kukwepa sheria za kazi. Kampeni hiyo imedumu kwa sababu nyuma ya barua yupo mkaguzi anayepanda melini na kudai mishahara ya mabaharia, na nyuma ya mkaguzi yupo kuli anayeweza kukataa kuishusha shehena. Barua ni sauti ya nguvu iliyokwisha kujengwa. Pasipokuwa na nguvu hiyo, mwajiri huisoma akaiweka kando.

Hali ya nchini petu

Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, na Ubungo ikawa kitovu. Walidai mikataba ya ajira, na walipinga utaratibu wa kuwarudisha chuoni kila leseni inapohuishwa. Walipewa ahadi, wakarejea barabarani. Tarehe 4 Mei waligoma tena, kwa kuwa ahadi si mkataba. Wito wa kusimamisha magari kwa siku moja unaweza kufika nchi nzima kwa simu. Kazi ya kusimamia ahadi, kila kampuni na kila basi, mwezi hadi mwezi, haifanywi na simu. Hufanywa na tawi lenye katibu, daftari la wanachama na ada.

Mgogoro wa magari yanayoitwa kwa simu nao una fundisho. Madereva walilalamikia kiwango cha kamisheni wanachokatwa. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15, na Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili. Ukomo ulipopandishwa hadi asilimia 25, Uber ikarejea Januari 2023. Tuangalie nani alikuwa na silaha gani. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kuizima programu. Madereva walikuwa na magari na madeni ya magari, na dereva mmoja akizima simu yake, mwenzake ndiye humpata abiria. Mtandao ule ule unaosifiwa kuwa ni chombo cha ukombozi ulikuwa hapo ni kiwanda cha tajiri, na dereva ni kibarua ndani yake.

Kasoro za nyenzo hizi

Kwanza, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Haitakuwa sawa elimu ya haki za dereva ibaki nyuma ya hatua hiyo.

Pili, humchukulia msomaji kuwa ni mwajiriwa mwenye mkataba na hati ya mshahara. Deiwaka anayeshika usukani leo tu, na mwendesha bodaboda wa hesabu, hawajioni humo. Kosa hili lina mizizi yake nyumbani pia. Tangu NUTA ilipoundwa mwaka 1964, na baadaye JUWATA, ada ilikatwa moja kwa moja kwenye mishahara. Makatibu wengi walizoea kupokea wanachama badala ya kuwatafuta. TUCTA iliundwa mwaka 2001, na vyama vikawa huru kisheria, lakini mazoea hayafutwi kwa sheria. Asiye na mshahara wa kukatwa akaonekana si mfanyakazi.

Tatu, maneno husafiri kutoka juu kwenda chini. Mwanachama huombwa kutia saini, na ni nadra kuulizwa madai yawe yapi. Kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili na msemaji mmoja ni baraza la mtu mmoja.

Nini kifanyike

Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwa mambo hayo ni kuwa anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, au amepewa naye vifaa vya kazi. Tumtazame mwendesha bodaboda wa Gorong'a. Pikipiki ni ya tajiri. Riziki yake inamtegemea tajiri. Basi hoja ya kwamba yeye ni "mfanyabiashara huru" haiwezi kukubaliwa kabla ya kuchunguzwa. Anayenunua pikipiki kwa mkataba wa malipo ya kila wiki ana hali tofauti, nayo inataka uchambuzi wake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye maelezo hayo, ukisomwa kijiweni na kujadiliwa, una faida kuliko saini elfu moja.

Wenzetu wa Uganda wamekwisha kuonyesha njia. Chama cha ATGWU, kilichokuwa kimedhoofika baada ya ajira rasmi za usafirishaji kupungua, kiliwafungulia mlango waendesha bodaboda na madereva wa teksi waingie pamoja na vyama vyao walivyojiundia wenyewe. Hawakutakiwa kwanza wawe waajiriwa wenye hati ndipo wapokewe.

Wakurya wa Tarime na Serengeti nao wana desturi ya kazi ya pamoja, risaga. Anayewaita majirani kulima shamba lake anajua kwamba kesho ataitwa yeye, na asipokwenda kila mtu atamjua. Hapo ndipo penye siri ya mshikamano: deni linalojulikana, baina ya watu wanaojuana. Kijiwe chenye mfuko wa kumsaidia aliyeanguka, chenye daftari wazi na viongozi wanaoweza kuondolewa, kimekwisha kuwa chembe ya chama cha wafanyakazi. Kijiwe hicho kikiunganishwa na cha Mugumu, na cha Sirari, simu itakuwa na kazi ya maana, kwa sababu itapeleka maamuzi ya watu waliokwisha kukaa pamoja.

Jukumu la makada na wanafunzi ni hili basi. Waende vijiweni, wasikilize hesabu inavyokokotolewa, watafsiri sheria, wasaidie kuandika daftari la kwanza, kisha wawaachie wenyewe uongozi wao. Kampeni za mtandaoni tuzitumie pale tu ambapo pana tawi la kuzitumia. Maelfu ya barua kutoka nchi za mbali yatamsaidia mwendesha bodaboda wa Gorong'a siku ile ambayo wenzake ishirini wa kijiwe chake watakuwa tayari kuziegesha pikipiki zao pamoja naye.