Kadiri ya Mashine Kuukuu

Miongoni mwa mafundi ambao mji mkubwa hauwezi kuishi bila ya mikono yao, na ambao pamoja na hayo haukumbuki kuwasifu, yumo fundi wa kompyuta za mezani zilizochakaa: mtu akaaye nyuma ya meza iliyojaa skrubu, nyaya na makasha yaliyofunguliwa, ambaye kazi yake si kuuza kipya bali kupima kile kilichopo kingali kinaweza nini. Nahodha amesifiwa, mkulima amesifiwa, hata fundi saa amepata hisa yake ya heshima. Walakini huyu wa kadi za grafiki na mifumo endeshi amepitwa, labda kwa kuwa sanaa yake ni changa mno, labda kwa kuwa kazi yake ikifanywa vema haionekani. Mimi naona anastahili sifa, na ninapenda kumsifia katika mtaa wa Braamfontein, kwa sababu mahali pale pana kila kitu kinachoidhihirisha sanaa hiyo: wanafunzi wenye haja kubwa na mifuko midogo, ofisi zinazostaafisha mashine zake kila baada ya miaka michache, na hali ya hewa isiyomsamehe fundi mzembe.

Mtaa huo uko kaskazini ya reli ya Johannesburg, ng'ambo ya daraja la Nelson Mandela lililofunguliwa mwaka 2003, na ubavuni mwake kimekaa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyeji hukiita Wits. Katika barabara ya Juta limo jengo la Tshimologong, ambamo kampuni ya IBM ilifungua maabara yake ya utafiti mwaka 2016. Na mwaka 2019 chuo chenyewe kiliingia katika mtandao wa IBM wa kompyuta za kwanta, cha kwanza kufanya hivyo katika Afrika. Hayo ni mambo ya fahari, wala siyabezi. Lakini mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora ramani zake usiku katika chumba cha kupanga hana habari ya kwanta. Anayo Dell OptiPlex ya mwaka 2012, kasha jeusi lenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu ya gigabaiti nne na diski ya kuzunguka, iliyofanya kazi miaka katika ofisi ya watu, ikauzwa kwa jumla pamoja na wenzake, ikamfikia yeye kwa bei ya viatu. Mashine hiyo si mbovu. Ilijengwa kwa ajili ya barua na hesabu, na sasa inatakiwa kuzungusha jumba la ghorofa kumi katika kioo.

Hapo ndipo fundi anapoanza, na mwanzo wake ni hesabu. Tundu la PCI Express ambamo kadi ya grafiki huchomekwa lina ruhusa ya kutoa wati 75, na zaidi ya hizo kadi yataka waya wake wa pekee kutoka pawa saplai. Ilhali pawa saplai za makasha haya ya ofisi aghalabu hazina waya huo, na katika makasha membamba ukubwa wake ni wati 240 au karibu na hapo, kwa mashine nzima. Tena watengenezaji wengine hawakuliruhusu tundu lenyewe kutoa hata hizo 75 zote. Mteja huja na jina la kadi kubwa aliyoisikia kwa rafiki yake, yenye feni tatu na urefu wa dhiraa, akitaka iingie. Na fundi mwenye insafu, badala ya kuchukua fedha, humweleza kwa upole kwamba tanga la jahazi haliwekwi juu ya mtumbwi.

Kwa bahati njema, walipatikana waunda kadi waliowafikiria maskini, au pengine waliowafikiria bila ya kukusudia. Mwezi wa Februari 2014 ilitoka GeForce GTX 750 Ti, kadi iliyoridhika na wati 60 bila ya waya wa ziada. Na Oktoba 2016 ikaifuata GTX 1050 Ti, yenye gigabaiti nne za kumbukumbu na wati 75, yaani kikomo chenyewe hasa cha lile tundu. Zilitengenezwa pia kwa umbo la nusu kimo, ili ziingie katika makasha membamba. Sidhani kuna kadi zilizorefusha maisha ya kompyuta nyingi za ofisi kuliko hizi mbili, wala sijui kama waliozibuni walipata kujua kwamba zingekuja kutafutwa hivi na wanafunzi wa kusini mwa dunia muda mrefu baada ya kuondolewa madukani.

Na kwa sababu zinatafutwa, zinaghushiwa. Wako wenye hila waliochukua chipu za kale, za enzi ya GTX 550 Ti na kabla yake, wakaziandikia upya programu yake ya ndani ili ziitikie jina la 1050 Ti, wakabandika kibandiko kipya na kuziuza kwa bei ya kadi halisi. Udanganyifu huo ulienea kiasi kwamba programu ya GPU-Z mwaka 2018 iliongezewa uwezo wa kuutambua. Fundi wa haki huipima kadi mbele ya mteja, huisoma idadi ya viini vyake na upana wa njia ya kumbukumbu yake, kisha ndipo hutaja bei. Asiyefanya hivyo si fundi bali ni mchuuzi, na wachuuzi hawakukosekana duniani hata tuwaongeze.

Kazi yenyewe ya mikono ni fupi, nayo hupendeza kuitazama. Mashine huzimwa, waya huchomolewa ukutani, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa na kushikwa kidogo ili masalia ya umeme yaishe ndani. Kifuniko huondolewa, vumbi la miaka hutolewa kwa brashi laini huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke ovyo, na ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa hufutwa na kuwekwa nyingine, tone dogo tu. Meno ya dhahabu ya kadi ya mtumba husuguliwa kwa ufutio wa penseli hadi yang'ae. Bamba refu la kadi hubadilishwa kwa bamba fupi kasha likiwa jembamba, kadi hutiwa kwa kuishika pembezoni, ikasukumwa sawasawa pande zote mbili hadi ndoano ya tundu isikike ikifunga. Mashine ikiwashwa nayo ikalia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, basi katika mabodi mengi ya zamani maana yake ni kwamba kadi haikuonekana. Hapo fundi hatukani, hutoa, hufuta, hurudisha. Pengine kosa ni la ubao wenyewe, uliotengenezwa kabla ya mfumo wa UEFI kuenea, na kadi ya siku hizi haielewani nao. Pengine betri ndogo ya CR2032 imekufa na mipangilio yote imesahauliwa, saa ikiwa imerudi miaka kumi nyuma.

Nilisema hali ya hewa ya pale haisamehe, na jambo hili lataka kuelezwa, kwa kuwa fundi aliyejifunzia kazi Mombasa au Dar es Salaam hulazimika huko kuwajua maadui wapya. Kwetu pwani adui ni chumvi na unyevu, vinavyoingia katika kila tundu na kuotesha kutu ya kijani juu ya shaba. Johannesburg iko juu ya usawa wa bahari takriban mita 1,750, na miezi ya Juni hadi Agosti hewa yake hukauka kiasi cha mtu kuvua sweta gizani akaona cheche. Umeme tuli wa namna hiyo, hata ule ambao mkono hauuhisi, waweza kuiua chipu kimya kimya, na ndiyo sababu fundi mwangalifu hukigusa kwanza chuma cha kasha kabla ya kuigusa kadi. Aidha, hewa ya kimo kile ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita, kwa hiyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto dogo zaidi. Kadi iliyotulia Tanga yaweza kutweta Braamfontein. Kisha majira ya mvua yakifika huja radi za alasiri, ambazo uwanda ule umejaaliwa kwa wingi mno hata Basil Schonland, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya jiofizikia ya Bernard Price hapo hapo Wits tangu miaka ya 1930, alijipatia jina kwa kuzichunguza. Na juu ya radi ukaongezwa mgao wa umeme, ulioanza kuwasumbua Waafrika Kusini miaka ya 2007 na 2008 na kuwaelemea kupita kiasi mwaka 2023. Umeme unaporudi kwa kishindo, pawa saplai dhaifu ndiyo hutangulia kufa. Fundi anayejua kazi hushauri kinga ya umeme kabla ya kushauri kadi.

Baada ya mwili ni roho, yaani mfumo endeshi. Kijana yeyote mwenye flashi hudai kwamba anaweza kupiga Windows, na kupiga tu ni kweli anaweza. Lililo gumu ni kujua ipi ipigwe, juu ya mashine ipi, na mali ya mtu iliyomo ndani ihifadhiwe wapi kwanza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, ikawaachia watu binafsi mpango wa nyongeza hadi Oktoba 2026. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, iliweka masharti ambayo sehemu kubwa ya kompyuta za mezani za mtaa ule haziyatimizi: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ile OptiPlex ya kizazi cha tatu, iliyokuwa nzima jioni ya tarehe 14, ikaamka nzima tarehe 15, isipokuwa mlango wake wa ulinzi umeachwa bila ya bawabu. Ipo njia ya kuyapita masharti hayo, mafundi wote wanaijua, na mashine za Core 2 ndizo zisizoweza hata kwa hila, kwa kuwa tangu toleo la 24H2 Windows 11 yataka amri ambazo prosesa hizo hazikuumbiwa. Rai yangu ni kwamba kuyapita masharti kwa siri bila ya kumwambia mteja ni khiyana, na kuyapita kwa kumwambia, naye akaridhika, ni huduma.

Njia nyingine ina nasaba ya Afrika Kusini. Mark Shuttleworth, aliyezaliwa Welkom mwaka 1973, aliiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa dola milioni 575, akaenda angani mwaka 2002, na mwezi wa Oktoba 2004 akaitoa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux ya Linus Torvalds. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, diski zake zilipelekwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, nazo zilifika hata katika miji ambayo intaneti yake haikutosha kupakua kitu. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Wengi wetu tuliisikia, tukaisifu, tukarudi kwenye Kiingereza. Aibu hiyo tugawane. Linux nayo ina mitihani yake: programu kadhaa za wasanifu majengo hazipatikani kwayo, na kadi za NVIDIA za kale hudai draiva ya tawi la kale, wakati za AMD nyingi huenda bila ya kuombwa. Wahenga walinena tusiache mbachao kwa msala upitao, walakini hawakutuambia tufanyeje mbachao unapofutwa katika orodha ya mibachao inayotambuliwa.

Mtu akipanda kutoka mtaani kwenda kilimani ataiona Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa Machi 2004 mahali palipokuwa na gereza la Old Fort walimofungwa Gandhi na Mandela. Jengo la mahabusu lilipobomolewa matofali yake hayakutupwa, bali yaliingizwa katika kuta za mahakama mpya. Na waashi waliyaweka pale walipoona yanaweza kukaa. Hekima ya fundi wetu ni ya jinsi hiyohiyo. Hajidai kwamba kuukuu ni bora kuliko kipya, maana si kweli: prosesa ya zamani huivuta nyuma kadi ya nguvu, na ipo siku gharama ya viraka hushinda gharama ya nguo. Anachojua ni kikomo, na kukijua kikomo cha kitu ambacho kila mwenye duka hukuhimiza ukitupe kwahitaji elimu zaidi kuliko kukitupa.

Nilimsikia mmoja, mtu wa Kivu, akizungumza na binti wa Kinyarwanda aliyekulia Dar es Salaam, ambaye alikwisha kuzihesabu noti zake za kununulia kadi.

"Dada, hii mashini haiko na shida ya kadi. Iko na njaa ya ramu, na hii diski imezeeka. Ramani zako ni za mistari tu, hazizunguki."

"Lakini kaka, wenzangu wote darasani wameweka kadi."

"Wenzako walipenda gemu. Weka ramu gigabaiti nane, weka diski ya SSD. Kama mwaka ujao unaanza kuchora majumba ya kuzunguka, rudia hapa, tutatafuta 1050."

Binti alinung'unika, akalipa chini ya nusu ya alichokusudia, na fundi akaanza kunakili mafaili yake kabla ya kugusa bisibisi.