Kamera Iliyogeuza Uso

Filamu ya Knock at the Cabin, aliyoitoa M. Night Shyamalan mwezi wa Februari 2023, ina kisa kifupi: mtoto Wen na baba zake wawili, Eric na Andrew, wamepumzika katika nyumba ya mbao msituni, mara wanavamiwa na watu wanne wenye silaha za kujiundia, ambao hawakuja kuiba, bali kuwaarifu kwamba kiyama kimewadia, wala hakizuiliki ila mmoja wa familia hiyo atolewe kafara kwa mikono ya wenziwe, tena kwa hiari.

Ustadi wake umo hasa katika yale ambayo kamera imekataa kuyaona. Jarin Blaschke na Lowell Meyer, wapiga picha wake, walitumia lenzi za zama za miaka ya 1990, wakaisogeza kamera hata uso wa Dave Bautista, pandikizi la mwanamieleka wa zamani linaloigiza Leonard, kiongozi wa wavamizi, ukaijaza fremu tangu kidevu hata paji, na pengine wakaiinamisha upande, hata mtazamaji, kwa kukosa pa kukimbizia macho, akawa hana budi kulipima neno la mgeni yule sawasawa na Andrew aliyefungwa kitini. Na familia inapokataa, mgeni mmoja akapasa kufa, silaha huinuliwa, kamera ikajitenga kando, tukaachiwa kishindo tu. Wako watakaosema huo ni woga. Mimi nasema ni hesabu, kwani damu ikidhihiri mno shaka hufa, na filamu hii haina mtaji mwingine ila shaka.

Sisi wa Songea twalifahamu upesi jambo hili la mgeni anayetaka aaminiwe, maana Ungoni ilikwisha kufikiwa na mjumbe wa Maji Maji, Kinjala, mwaka 1905, akileta maji ya dawa yaliyotaka kuaminiwa kwanza, na thamani ya jawabu ikalipwa kwa kitanzi cha Wajerumani tarehe 27 Februari 1906.

Kasoro yaanza pale mwandishi anapochoka kusubiri. Televisheni inayoonyesha gharika na tauni kama ithibati ya kiyama yafaa, maadamu Andrew, naye ni mwanasheria, aweza kudai kwamba wageni waliijua ratiba ya vipindi. Lakini visengerenyuma vyaikata taharuki ovyo, ndege zaporomoka angani, kisha Eric atufasiria kwa kinywa chake wapanda farasi wanne wa Ufunuo, hali riwaya ya Paul Tremblay ya mwaka 2018, iliyozaa filamu hii, iliiacha shaka ile bila hukumu. Msimulizi wa kibanda cha video, ambaye kazi yake ni kuujaza ukimya, angeiharibu filamu hii mwanzoni. Mwishoni mwongozaji mwenyewe amempokonya kipaza sauti.

Hata hivyo, katika dakika zake 100, themanini za kwanza zastahili kutazamwa mara mbili na kila kijana wetu anayejifunza kushika kamera.