Ramani ya Mishipa Haitaki Mkono Mzito

Juzi nimeona ripoti ya dopla ya mkono ikipitishwa huku na huku kwa sifa. Nyekundu na buluu zimejaa ukurasa, picha zimepangwa vizuri. Ndani yake vena ya kifundo cha mkono imeandikwa milimita 1.4, haifai kwa fistula, yaani kuunganishwa na ateri ili damu isafishwe kwa mashine. Mgonjwa ametoka Tingi kwa nauli ya kukopa, na karatasi hiyo ingemrudisha kwenye mpira wa kusafishia damu unaoingia shingoni. Nilimpima upya mchana uleule: 2.8.

Rangi si kipimo cha ubora. Tazama jeli.

Ateri ina ukuta mgumu, inavumilia. Vena haivumilii, uzito wa probu peke yake unatosha kuibana. Fundi humwaga jeli bila ubahili, akaishika probu juujuu isiguse ngozi, na kwenye picha utauona utepe mweusi kati ya probu na ngozi. Utepe usipokuwepo, mimi sisomi namba iliyoandikwa chini. Kisha tazama umbo: vena iliyoachwa huru ni duara. Ikiwa kama yai lililolazwa, imekandamizwa, na kipenyo hicho ni cha mkono wa mpimaji.

Mama aliyenifundisha kazi hakuwasha mashine kabla ya kuupapasa mkono wote. Julai, baridi ya Umatengoni ikiwa imezificha vena, alimkalisha mgonjwa, mkono ukining'inia, akaufunika kanga mpaka upate joto, ndipo akafunga mpira wa kubana mkono. Siku hizi mtu analazwa chini ya kiyoyozi na kupimwa hapohapo. Madaktari Brescia na Cimino, walipotangaza fistula yao ya kifundo mwaka 1966, hawakuwa na mashine hizi. Vidole ndivyo vilivyochagua mshipa.

Wadanganyifu ni rahisi kuwakamata. Soma jedwali kutoka kifundo hadi kiwiko: 2.6, 2.6, 2.6. Hakuna vena ya binadamu iliyo sawa hivyo. Amepima mahali pamoja pazuri, akanakili. Makovu ya kanula, ambayo huweza kuua fistula, hakuyapitia. Angeibonyeza vena hatua kwa hatua hadi begani angekuta pasipobonyea.

Ateri ifike milimita 2, vena 2.5 ikiwa imefungwa mpira. Mgonjwa akunje ngumi dakika mbili, aachie, na wimbi la ateri libadilike. Aliyewahi kuwekewa katheta, vena ya chini ya mtulinga ifuatwe: isipocheza na pumzi, huenda kuna kizuizi mbele, na fistula upande huo inaweza kuvimbisha mkono mzima.

Mwisho, ramani ichorwe kwa kalamu, vipimo kando ya mstari, na njia ya vena iwekwe wino kwenye ngozi mgonjwa akiwa bado amekaa. Daktari wa upasuaji anakata ngozi, hakati karatasi. Ripoti iliyokuja bila mchoro nairudisha, hata namba zake zikiwa sahihi.